Ubunifu Hautoki Mawinguni: Picha za Sam Ntiro na Maji ya Mfongo

1. Swali lenyewe

Katika madarasa ya siasa, swali la bei ya kahawa hujibiwa na watu ishirini. Swali la sanaa hujibiwa na mmoja, tena kwa neno moja: kipaji. Fulani anachora kwa sababu ana kipaji. Fulani hachori kwa sababu hakujaliwa. Mjadala hufungwa hapo, na kikundi cha utamaduni hurudi kwenye mazoezi ya wimbo wa kumpokea mgeni rasmi.

Sisi tunaona kwamba jibu hilo linaliahirisha swali bila kulijibu. Kusema kwamba mchoraji anachora kwa sababu ana kipaji cha kuchora ni sawa na kusema kwamba mto unatiririka kwa sababu una utiririkaji. Tunataka kujua maji yametoka wapi.

Tena jambo hili si la anasa. Kila kada ana siasa yake ya utamaduni, hata kama hajaiandika popote, na siasa hiyo inategemea anavyoamini kuhusu chimbuko la ubunifu. Anayeamini kwamba ubunifu hushuka kutoka mbinguni atakaa akisubiri ushuke. Anayeamini kwamba unatoka ofisini ataandika waraka. Anayeamini kwamba unatoka sokoni atawaambia vijana wachore kile anachonunua mtalii. Wote watatu hawatafika, na atakayelipa ni kijana wa kijijini mwenye jicho na mkono, ambaye hakupata wa kumwonyesha pa kuchota.

Ili mjadala usielee hewani, tumechukua mfano mmoja wa hapa hapa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huyu ni Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 katika wilaya ya Moshi na kufariki mwaka 1993. Alisoma uchoraji Makerere, akafundisha huko, akaendelea na masomo katika Slade School of Fine Art ya London kati ya 1952 na 1955, na nchi ilipopata uhuru akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza kuanzia 1961 hadi 1964. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege wakati wa usiku, imo katika hazina ya Museum of Modern Art ya New York. Mtoto wa mgombani amefika huko. Alichota wapi?

2. Majibu matatu yasiyotosha

(a) Jibu la mbinguni. Hili ni kongwe. Plato wa Ugiriki aliandika kwamba mshairi hatungi kwa ujuzi wake: hushikwa na nguvu ya miungu, naye huipitisha kwa wasikilizaji kama sumaku inavyopitisha nguvu kutoka pete moja ya chuma hadi nyingine. Kwetu pia wapo wanaosema kwamba mtunzi alioteshwa au alipandwa na pepo.

Hatuna haja ya kubishana na imani ya mtu. Aaminiye kwamba kila kipaji hutoka kwa Mungu na aamini. Lakini hata yeye bado ana deni la kueleza jambo moja. Kwa nini kipaji hicho, kinapomfikia mtu wa Mueda au Newala, huja kama kinyago cha mpingo, na kinapomfikia mtu wa Pwani huja kama utenzi, na kinapomfikia mtu wa Kilimanjaro huja kikiwa kimebeba migomba? Kama chanzo ni kimoja na kiko juu ya watu wote, mbona kinasema lugha ya kila shamba? Ni lazima kuna kitu huku chini kinachokipa sura, na hicho ndicho tunachoweza kukichunguza.

Ebrahim Hussein alilionyesha jambo hili katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile anaingia katika maji ya Rufiji, anatoka na neno, na watu wanaamini kwamba amepewa na Hongo. Lakini msomaji makini anaona kwamba neno lile limepokelewa kwa sababu kilio kilikuwepo kabla yake: mashamba ya pamba, viboko, kodi, na makabila yaliyokuwa yakitafuta jambo la kuyaunganisha. Maji ya Rufiji yalikuwepo miaka yote. Yalipata maana ya vita mwaka 1905, kwa sababu mwaka huo watu walikuwa tayari.

(b) Jibu la ofisini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio kwa umma. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, akaitikia kwa ngonjera. Wengi husema kwamba huo ni ushahidi kuwa sanaa huweza kuzaliwa kwa agizo. Tunawaomba watazame tena. Mnyampala hakuanza na karatasi tupu. Malumbano ya washairi, huyu akiuliza na yule akijibu, yalikuwa mali ya ushairi wa Kiswahili tangu zamani, na naye alikuwa ameyashika kwa maisha ya utunzi. Wito ulitoka kwa kiongozi. Uwezo wa kuuitikia ulitoka kwenye kazi ya miaka mingi.

Waliofuata waliuchukua wito na kuiacha kazi. Tukapata ngonjera za paredi ambamo mtoto mmoja anauliza swali asilolijali, mwingine anajibu jibu aliloandikiwa, na mgeni rasmi anapiga makofi kabla hawajamaliza. Shairi lile lingeweza kusomwa Moshi au Mtwara bila kubadilisha neno isipokuwa jina la mgeni. Sanaa inayofaa mahali popote kwa namna hiyo haikuzaliwa mahali popote.

(c) Jibu la sokoni. Apitaye katika mji wa Moshi ataziona picha zimepangwa kwa safu: Kibo yenye theluji, mti mmoja wa mgunga, tembo watatu, jua jekundu. Ukiigeuza ya kwanza utaikuta ya pili, na ya pili ni ndugu wa ya kumi. Hatuwalaumu vijana wanaozichora. Wana watoto wa kulisha, na mkono unaoweza kurudia picha moja mara mia ni mkono wenye nidhamu. Tunasema tu kwamba hapo fikra imetoka kwa mnunuzi. Mgeni amekuja na picha ya Afrika kichwani, na kijana wetu anamuuzia ile ile aliyokuja nayo. Hata Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani na kuwauzia wageni, alianza na wanyama na ndege aliowatengeneza mwenyewe kwa jicho lake. Alifariki mwaka 1972. Soko lilirithi picha zake kwa haraka zaidi kuliko lilivyorithi jicho lake.

Makosa haya matatu yana mzizi mmoja. Yote yanaamini kwamba msanii ni chombo kitupu kinachojazwa na mwingine, awe Mungu, mkubwa au mteja.

3. Mfongo kama somo la ubunifu

Kabla ya kurudi kwenye picha, tupande mlimani tukaangalie ubunifu wa aina nyingine, ambao hakuna anayeuita sanaa.

Kilimanjaro ina mvua nyingi kwenye ukanda wa msitu, na tambarare ya chini ina kiu. Mito imejichimbia makorongo marefu. Maji yanapita chini kabisa, na mashamba yako juu ya migongo ya vilima. Mtu asimamaye ukingoni anayaona maji lakini hawezi kuyafikisha shambani. Wachagga wa zamani walilitatua jambo hili kwa kupanda juu, mbali na mashamba, hadi mahali ambapo mto bado hauko chini sana. Hapo waliweka banio, wakayatoa maji ubavuni mwa korongo na kuyapeleka taratibu kwenye mfereji uliokatwa kufuata ubavu wa kilima, mpaka yakatokea juu ya mgongo na kugawiwa. Huo ndio mfongo. Penye mabonde madogo walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa. Mahali pengine walichimba bwawa dogo, nduwa, la kuweka maji ya usiku ili yatumike mchana. Mzungu Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliistaajabia mifereji hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1886. Ilikuwa kazi ya vizazi, na hakuna mkoloni aliyeianzisha.

Ugumu wake uko kwenye mwinamo. Ukizidi, maji yanakimbia na kubomoa kingo. Ukipungua, maji yanalala, mchanga unajaa, na mfongo unakufa. Waliochimba hawakuwa na vyombo vya wapima ardhi. Walikuwa na jicho, kumbukumbu ya mifongo iliyotangulia, na maji yenyewe, ambayo hayamwogopi mtu wala hayamsifu. Ukikosea, yanakataa.

Hapo tunapata mambo manne yanayojenga ubunifu wowote. La kwanza ni haja ya kweli: shamba lina kiu. La pili ni urithi wa ujuzi: aliyechimba wa kumi alijua makosa ya wale tisa. La tatu ni kitu chenye ukaidi wake, ambacho mbunifu lazima akitii ili akishinde: ardhi, mteremko, maji. La nne ni jamii inayoishika kazi ikisha kuwepo, kwa sababu mfongo usiosafishwa kwa msaragambo kila msimu hugeuka kuwa kijito cha matope. Mara nyingi mfongo ulichukua jina la aliyeuanzisha au la ukoo wake. Watu walimheshimu mwanzilishi, lakini walijua kwamba jina lile bila majembe yao lisingepitisha hata tone.

Je, hakuna basi lile jambo la wazo kuja ghafla? Lipo, na wabunifu wote wanalishuhudia. Mtunzi anahangaika siku saba, siku ya nane ubeti unakuja wenyewe akiwa anafunga ng'ombe. Uyakinifu haukani jambo linaloonekana, unalieleza. Mtoto aliyeko shambani chini huona maji yanafika ghafla. Dakika iliyopita mfereji ulikuwa mkavu, sasa umejaa, na hakuna mtu anayeonekana. Akiwa mdogo atasema maji yamezaliwa hapo. Lakini alfajiri watu wamepanda mlima, wamefungua banio, na maji yametembea saa nyingi ndani ya majani. Kinachoitwa uvuvio ni kufika kwa maji. Kazi ilifanyika juu, zamani kidogo, mahali ambapo mtoto hakuwepo.

Engels, katika makala yake ya 1876 juu ya kazi na mwanadamu, alieleza kwamba mkono wenyewe umeumbwa na kazi, na kwamba wachoraji na wachongaji wakubwa ni warithi wa mikono iliyofanya kazi kwa maelfu ya miaka. Mao, akizungumza na wasanii wa Yan'an mwaka 1942, aliyataja maisha ya umma kuwa chanzo cha sanaa. Wakulima wa Kilimanjaro hawakuhitaji kuwasoma hao ili kuchimba. Sisi tunawasoma ili tuelewe kilichochimbwa.

4. Chungu cha mbege

Sasa turudi kwenye picha ya 1956. Wanaume, mbege, bibi harusi, usiku. Mtalii akiiangalia ataona desturi nzuri. Kada aiangalie kama mkulima anavyoangalia chungu.

Mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi. Ndizi zimetoka kihambani, karibu na nyumba, chini ya kivuli cha miti mirefu, pamoja na kahawa, magimbi na maharage. Huo ndio mpango wa kilimo ambao mwaka 2011, kwa mfano wa Shimbwe Juu, uliingizwa katika orodha ya FAO ya urithi wa kilimo duniani. Ulezi umetoka chini zaidi, kwenye joto, ambako wakati wa ukame haustawi bila kumwagiliwa. Na maji ya kumwagilia yameletwa na mfongo. Kwa hiyo ndani ya chungu kile kuna jembe la mwanamke, shoka la mwanamume, banio la juu, msimu mzima wa msaragambo, na mapatano ya koo mbili. Watu wale wanaotembea usiku wamebeba uchumi wao wote.

Ntiro hakueleza haya kwa maneno. Katika picha zake tunazozifahamu watu ni wengi na wadogo, wamejaa kwenye mteremko, wanachuma, wanabeba, wanachimba. Rangi ni bapa na angavu, na vivuli ni haba. Nyuso hazina sifa za mtu mmoja mmoja. Mlima hauko mbali kama pambo la nyuma. Mlima ndio sakafu wanayofanyia kazi. Linganisha na picha ya mtalii, ambamo Kibo iko juu na hakuna mtu hata mmoja. Katika picha ile mlima ni mandhari. Kwa Ntiro ni mahali pa kazi.

Wapo wahakiki wa Ulaya walioona hapo unyofu wa Mwafrika asiyejua kuchora kivuli. Maelezo hayo ni dhaifu. Mtu aliyekaa Slade miaka mitatu ameonyeshwa kivuli, mwili wa mtu na umbali kila siku. Kama alirudi na kuendelea kuchora umati mdogo kwenye mteremko mkali, basi alichagua. London ilimpa vyombo na ikamfundisha kukataa vingine. Kukataa ukiwa unajua ni sehemu ya ubunifu.

Maelezo ya pili, ya kirafiki zaidi, ni ya mwalimu wake wa Makerere, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko katika miaka ya 1930. Yeye aliwasimulia wanafunzi jambo na kuwaacha wachore picha inayowajia akilini, bila kunakili mifano ya Ulaya. Njia hiyo iliwaokoa vijana wengi na kasumba, nasi tunaipa haki yake. Lakini nyuma yake kulikuwa na imani kwamba Mwafrika ana hazina yake ndani ya roho, inayongoja kufunguliwa mlango. Hapo ndipo tunapoachana naye. Picha zilizomjia Ntiro akilini ziliingia huko kwa njia ya macho na mabega, alipokuwa mtoto kati ya watu wanaofanya kazi. Mtoto aliyelelewa bila kuona kazi hiyo angefungiwa chumbani na kuambiwa achore kutoka moyoni, naye angechora ukuta.

5. Kunakili na kuchota

Mwana mwingine wa mlima huu, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alilifanya suala hili kuwa kanuni ya maisha. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la Fort Hall, siku hizi Murang'a, Kenya. Mwaka 1965 akawa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi. Na Marangu akafungua nyumba ya sanaa aliyoiita kwa jina la Kibo. Kanuni yake inajulikana na wengi: msanii asinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi.

Tunaikubali kanuni hiyo, kisha tunaiongezea mpaka wake. Aliyechimba mfongo wa kumi alinakili kwa namna fulani ule wa tisa. Kama angekataa kujifunza kwake kwa kuogopa kunakili, maji yangemkataa. Tofauti ni hii: anayenakili huchukua umbo na kuacha haja iliyolizaa, anayechota huchukua ujuzi na kuupeleka kwenye haja mpya, korongo jingine, udongo mwingine. Mchoraji wa tembo watatu ananakili. Njau pale Murang'a alichota: alichukua kisa cha Injili, kilichokuwa kimechorwa Ulaya kwa karne nyingi, akakiweka kwenye milima ya Wakikuyu pamoja na Kristo mweusi.

Na hapo pana fundisho la kitabaka pia. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Halikuwa jengo lisilo na upande katika vita vya ukombozi. Lakini aliyeagiza kazi hawezi kuimiliki yote. Mchoraji alipowapa watu wa Biblia sura na milima ya wale waliokuwa wakiswagwa katika vijiji vya hali ya hatari, aliweka ukutani jambo ambalo gavana asingeliagiza. Chanzo kilimshinda mwagizaji. Viongozi wanaotoa maagizo kwa wasanii wakumbuke hilo kama faraja na kama onyo.

6. Kile ambacho Ntiro hakukichora

Uhakiki unaosifu tu ni hotuba ya harusi. Tuseme basi upungufu.

Watu wa Ntiro hawagombani. Wanachuma kahawa, lakini hatuoni mizani wala bei. Hili ni pengo kubwa kwa mlima huu, ambao wakulima wake waliunda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na kikazaa KNCU mwaka 1933. Watu hao waliujua utamu wa kuuza kwa pamoja na uchungu wa kupunjwa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha. Historia nzima ya mabishano, na katika picha ni utulivu tu.

Tena jamii aliyoichora haikuwa familia moja yenye upendo. Mangi alikuwa na uwezo wa kuwaita watu kwenye kazi yake. Kwa desturi, mfongo ulikuwa jambo la wanaume: mwanamke alimwagilia kwa maji ambayo hakuwa na sauti katika kuyagawa. Kihamba kilirithiwa na mtoto wa kiume. Ukichora umma bila nyuso, unapata nguvu ya umma, na hiyo ni sifa. Lakini unapoteza uwezo wa kuonyesha nani amebeba na nani amebebewa.

Je, hili linaipinga hoja yetu kwamba ubunifu huchotwa kwenye kazi ya watu? Hapana, linaikamilisha. Kazi haikuwahi kuwa bila mgongano, na asiyechota mgongano amechota nusu. Inawezekana umbali wa Kampala na London uliyasafisha makumbusho yake, kwani aliye ugenini hukumbuka mgomba kabla ya kesi ya mpaka wa mgomba. Kumbukumbu ni chanzo, lakini inahitaji kurudi ikaonane na watu, kama mfongo unavyohitaji kurudiwa kila msimu.

Kilichofanyika Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 kinaonyesha njia hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka mswada wa Ngaahika Ndeenda kwa wakulima na wafanyakazi, nao wakausahihisha: mzee hasemi hivi, mfanyakazi wa kiwandani halipwi hivi. Tamthilia ikawa kali zaidi kuliko mswada. Serikali ya Kenya iliifungia baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwezi Desemba mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hakuna aliyebomoa ukumbi wa ngonjera za paredi, na sababu inajulikana.

7. Wajibu wetu

Kijana wa leo wa Moshi hana kihamba cha babu yake. Kimegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hadi kimebaki kiwanja. Mifongo mingi imekauka au imeachwa. Wapo wazee wanaosema kwamba kwa hiyo ubunifu wa mlima umekwisha. Hilo ni kosa la kudhani kwamba chanzo kilikuwa mgomba wenyewe. Chanzo kilikuwa kazi, na kazi haijaisha. Ipo mgongoni mwa mpagazi anayembebea mgeni mzigo kuelekea Kibo. Ipo kwa mama anayeuza ndizi Mbuyuni, kwa dereva wa bodaboda anayehesabu marejesho, kwa mchambuzi wa kahawa, kwa kibarua wa miwa TPC. Wapagazi wameupanda mlima huu kwa miaka zaidi ya mia. Nenda katika safu zile za picha zinazouzwa mjini, uhesabu ni ngapi zina mpagazi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa makada na wanafunzi walioko kwenye matawi, shule na vyuo.

Kwanza, tuache kuuliza nani ana kipaji. Tuulize nani ana haja ya kusema, kisha tumpe vyombo: rangi, kitabu, ngoma, mwalimu, muda. Jicho la Ntiro lingebaki bila mkono kama asingefika Makerere.

Pili, kikundi cha sanaa kiende kazini kabla ya kwenda jukwaani. Wimbo wa kahawa utungwe na watu waliokesha kwenye mashine ya kumenya, na usahihishwe na waliolipwa kidogo.

Tatu, urithi ufundishwe kama ujuzi. Kumpeleka mwanafunzi kuutazama mfongo kama kitu cha makumbusho hakutoshi. Apewe jembe na kipande cha mteremko, akione kile ambacho maji yanakikataa. Atajifunza hapo juu ya utunzi kuliko katika mihadhara kumi yetu.

Nne, na hili ndilo gumu, tujizoeze kuzipokea kazi ambazo hatukuziagiza. Tukiuambia umma kwamba wao ndio chanzo, kisha maji yakaja na matope, hatuna haki ya kulifunga banio. Matope ni habari za kinachotokea juu. Chama kinachopokea sifa peke yake kitajikuta kinakunywa maji ya nduwa iliyosahaulika: yametulia, hayana wimbi, na yameoza.

Aliye chini na asubiri maji kama anataka. Kazi ya kada ni kupanda juu pamoja na wenzake, na jembe mkononi.